Maswali ya wasomaji: mbona ukifika kwa bajeti ya kaunti unakuta imeshagawanywa?

Mwezi huu barua za bajeti ya Nairobi ni nyingi kuliko hata zile za mapenzi, na nyingi zina hasira. Nimechukua nne, zingine zinauliza kitu kimoja tu kwa maneno tofauti.

Habari mhariri. Mimi nauza mtumba huku Eastlands na mtaro wa barabara yetu umeziba, ikinyesha kidogo tu maji yanaingia mpaka ndani ya kibanda. Juni tulienda kikao cha maoni, tukaongea vizuri, tukaandikisha majina, tukapewa soda. Bajeti imetoka na mtaro wetu haumo. Sasa tulienda kufanya nini? – Mama wa mtumba

Mama, mlienda kunywa soda. Nisamehe lakini ndio ukweli, na si makosa yenu, ni vile hakuna mtu huwaambia wananchi kalenda.

Mwaka wa fedha wa kaunti unaanza tarehe 1 Julai, ndio maana kila mtu anafikiria Juni ndio wakati wa kuongea, kumbe Juni watu wanapiga muhuri tu. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inasema kaunti ipeleke mpango wa maendeleo wa mwaka, ule wanaouita ADP, kwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na huo ni mpango wa mwaka utakaoanza Julai inayofuata, yaani miezi kumi mbele. Kwa hivyo ukitaka mtaro mwaka ujao wa fedha, uanze kuongea Julai na Agosti za mwaka huu, wakati hakuna kamera, hakuna hema, na MCA mwenyewe, yaani diwani wenu, bado anapokea simu.

Halafu kuna tarehe ambayo naona ndio muhimu kuliko zote na ndio watu huijua kidogo zaidi: 28 Februari. Hapo ndipo waraka wa mkakati wa fedha unafika kwa bunge la kaunti, na madiwani wana siku 14 za kuupitisha. Huo waraka ndio unasema afya itapata kiasi gani, barabara na mitaro kiasi gani, mazingira na takataka kiasi gani. Ukishapita, kila idara ina dari yake, yaani kiasi isichoweza kupita. Makadirio yenyewe yanakuja mwisho wa Aprili na kikao chenu kikafuata, lakini hata diwani akitaka kuwaongezea pesa lazima apunguze mahali pengine kiasi hicho hicho, na huyo wa pengine naye ana watu wake waliompigia kura. Hapo ndio mlikuwa mnaingia, mama.

Safari ijayo nendeni mapema, na msiseme "mitaro yetu ni mibaya", hiyo kila wadi kati ya zile 85 inasema. Semeni barabara gani, kutoka wapi mpaka wapi, maji yanaingia kwa nani, zahanati au shule gani iko hapo karibu. Kitu chenye jina na mahali kinaingia kwa kitabu, kilio cha jumla kinaishia kwa notibuku ya karani.

Mhariri, sisi mradi wetu ULIKUWA kwa kitabu cha bajeti, taa za barabarani, pesa imeandikwa kabisa. Mwaka umeisha na hakuna hata nguzo moja. Hiyo pesa imeliwa, si ndiyo? – Kijana wa Dagoretti

Inawezekana, siwezi kuapa. Lakini kabla uanze kuita watu wezi, sikia hii kwanza, kwa sababu mara nyingi jibu ni la kuudhi zaidi: hiyo pesa haikuwahi kuwepo.

Bajeti ni kama ahadi za harambee. Mtu anasimama anasema elfu hamsini, watu wanapiga makofi, mweka hazina anaandika elfu hamsini. Keshi ni stori ingine. Nairobi inapata mgao kutoka serikali kuu, kama bilioni 20 hivi kwa mwaka miaka hii, na hata huo hufika ukichelewa mara kwa mara. Kile kingine lazima kaunti itafute yenyewe: pakingi, ada za ardhi, leseni za biashara, mabango, vibali vya ujenzi, kodi ya nyumba za kaunti. Wakati wa kupanga, mtu anaandika kwamba tutakusanya kiasi hiki kikubwa, kwa sababu kikiwa kikubwa kila diwani anapata kitu cha kuonyesha kwake, hakuna anayelalamika, bajeti inapita. Mwaka ukiisha makusanyo hayajafika hapo. Basi mishahara inalipwa kwanza, na huwezi kuikwepa, halafu uendeshaji wa ofisi, halafu kuna madeni ya makandarasi na wengine, na Nairobi ndiyo inaongoza kaunti zote 47 kwa hayo madeni, zaidi ya bilioni 80 kwa ripoti za miaka ya karibuni, mengine yalirithiwa kutoka ile siti kanso ya zamani kabla ya 2013. Inayobaki ndio inaenda kwa taa zenu. Mara nyingi haibaki.

Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo. Kwa karatasi unaipata, wanaiandika vizuri kabisa. Kwa matumizi ndio shida, ripoti za Msimamizi wa Bajeti, ile ofisi inayofuatilia vile pesa za umma zinatumika, zimeweka Nairobi mkiani mara kadhaa kwa upande huo. Na hapa mimi nina maoni yangu, wengine watakasirika: afadhali bajeti ndogo yenye miradi kumi inayomalizika kuliko ile nono yenye miradi mia ya kupiga nayo picha, na sisi wananchi tunachangia hii shida kwa sababu diwani akisema ukweli kwamba mwaka huu hakuna pesa, tunamwita mvivu.

Sasa wewe fanya hivi. Tafuta ripoti ya Msimamizi wa Bajeti, inatoka kila robo ya mwaka, haina siri, uangalie kaunti yako imetumia ngapi kwa maendeleo. Halafu uangalie bajeti ya nyongeza, ile suplementari. Miradi mingi hufia huko, inaondolewa kimya kimya katikati ya mwaka na hakuna anayekuja mtaani kutangaza. Kama taa zenu zilitolewa huko, utajua ni lini, na utajua diwani wenu alikuwa wapi siku hiyo. Na kama hazikutolewa, kaunti inadaiwa maelezo: andika barua ya kuomba habari chini ya sheria ya kupata habari ya 2016, wana siku 21 za kukujibu, wakinyamaza peleka kwa ofisi ya Ombudsman, ile inayopokea malalamiko ya wananchi.

Darasa la mtoto wangu wa gredi ya nne linavuja. MCA anasema si kazi yake. Ni ya nani basi? – Mzazi, Kasarani

Kwa hiyo moja MCA amesema ukweli. Shule za msingi ni za serikali kuu, na pesa za madarasa mara nyingi hutoka NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, nenda kwa ofisi ya mbunge. Kaunti inashika chekechea, zahanati, masoko, takataka, taa na barabara za mitaa. Najua inachanganya, hasa ukiona jikoni za kaunti zinapika chakula cha watoto wa shule za msingi, ule mpango wa Dishi na County ulioanza 2023 ambao mzazi analipa shilingi tano kwa sahani, lakini paa la darasa bado ni la huko kwingine.

Nina kinyozi. Ada ya leseni ikipanda huwa inapandishwa kwa bajeti? Nipinge wapi? – Kinyozi, Githurai

Hapana, hiyo iko kwa Mswada wa Fedha wa kaunti, ambao ni karatasi tofauti. Bunge la kaunti lina siku 90 baada ya kupitisha bajeti kuushughulikia, kwa hivyo angalia matangazo ya magazeti kuanzia Julai mpaka Septemba. Kwanza hakikisha uko upande gani wa barabara, maana sehemu kubwa ya Githurai iko Kiambu na memorandamu yako itaenda kwa kaunti nyingine kabisa. Ukishajua, andika ukurasa mmoja tu: ada ya sasa, ada wanayotaka, na kwa mwezi unabaki na ngapi ukishalipa stima na kodi ya duka. Saini nyinyi vinyozi wote wa hapo pamoja, peleka kwa karani wa bunge la kaunti, na usitoke kabla wakugongee muhuri kwa nakala yako.