Jina la Pereira lina asili gani?

SWALI: Babu yangu mzaa baba alikuwa Mgoa aliyehamia Mombasa, na jina la ukoo wake ni Pereira. Nimesoma kwamba ni jina la mti, na kwamba Wareno wote wenye majina ya miti ni wazao wa Wayahudi. Ni kweli?

JIBU: La mti ni kweli. Hilo la Wayahudi si kweli, na nakuomba usiliandike kwenye historia ya ukoo wenu.

Kwa Kireno *pera* ni peasi na *pereira* ni mpeasi. Sisi alama ya mti tunaitia mwanzoni: embe, mwembe. Wao huitia mwishoni, *-eira*. Ndiyo maana wapo kina Oliveira (mzeituni) na Figueira (mtini). Lakini kwa kawaida mti ulitoa jina la mahali kwanza, kama Mwembe Tayari ya hapo Mombasa, kisha watu wakaitwa kwa mahali walikotoka. Ureno ina vijiji na mashamba kadhaa yaitwayo Pereira. Ukoo maarufu wa kikabaila wenye jina hilo hata hauna mti kwenye ngao yake. Una msalaba wa rangi ya fedha juu ya nyekundu.

Dai la Uyahudi lina chanzo chake. Mwaka 1497 Mfalme Manuel wa Kwanza aliwalazimisha Wayahudi kubatizwa, na wapo waliochukua jina la Pereira. Walilikuta tayari. Nuno Álvares Pereira, jemadari aliyelishinda jeshi la Kastilia pale Aljubarrota mwaka 1385, alizaliwa 1360. Isitoshe, mtu aliyelazimishwa kubadili dini alitaka jina la kumchanganya na majirani. Jina la kumwanika lingemfaa nini?

Kwa babu yako, njia inapita kwingine kabisa. Wareno waliiteka Goa mwaka 1510, na wenyeji waliobatizwa mara nyingi walipewa jina la padri au la msimamizi wa ubatizo. Kwa hiyo Pereira wenu anaweza asiwe na tone la damu ya Kireno, wala undugu na Pereira wa kijiji cha pili. Ndivyo ilivyo pia kwa kina Perera wa Sri Lanka, ambao jina lao ni hilihili.

Basi tafuta kijiji. Anza na parokia alikofungia ndoa au alikobatiza watoto wake. Omba nakala ya rejista, uangalie majina ya wazazi na mahali alikozaliwa. Pasipoti yake ya zamani nayo inaweza kukupa jibu. Ukishakijua kijiji, Goa kuna vitabu vya ubatizo vya parokia, na kuna kumbukumbu za *comunidade*, ushirika wa kale wa ardhi ya kijiji. Huo uliwaandikisha wanaume wa koo zenye asili ya pale ili wapate gawio lao. Kama babu zako walikuwa miongoni mwao, orodha hizo zitakueleza mengi kuliko jina lenyewe.