Wifi umeuliza kuhusu harusi za Wayahudi, haya nakujibu

Wifi yangu wa Tanga kaniuliza, na wengine najua mnazunguka tu hamsemi, eti mtoto wa Kiislamu unafanya nini kwenye harusi za Wayahudi huko New York na hela yake ikoje.

Mimi napiga mkanda upande wa wanawake. Wayahudi wa Brooklyn wanaoshika dini sana, huku Borough Park na mitaa ya jirani, ukumbini wanagawa katikati, wanaume wanacheza kwao wanawake kwao, kwa hiyo wanatafuta mpiga kamera wa kike na wako wachache. Siku ya kwanza naingia nikaona mbona hii shughuli ya kwetu kabisa, akina mama watupu, watu wamejiachia, halafu bi mkubwa mmoja kanifata ananiuliza mkanda huu utashikwa na nani. Mimi hayo nimeyakuta tangu singo ya dada'ngu, sikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Kazi yenyewe ni usionekane. Sketi ya kupita magoti, mikono mirefu, taa siwashi, kamera nimeizima mlio, nakaa mbali na lenzi ya 70-200, ile ya kuvuta mbali. Wakiwa chini ya khupa, ile turubai ya nguzo nne, bibi harusi anamzunguka bwana mara 7, hapo husogei, ukikatiza mbele ya bibi yake mzee anayelia umeharibu. Pete inavishwa kidole cha shahada mkono wa kulia, kama hujui utavuta lenzi mkono mwingine na hairudiwi. Halafu bwana anakanyaga glasi, kukumbuka Hekalu la Yerusalemu lilivyobomolewa, mara moja tu kishindo, mazel tov, yaani hongera, muziki.

Kosa langu kubwa nilifanya hapo hapo. Maharusi wakaenda chumbani mi nikafata kamera inazunguka, mlangoni mashahidi wawili wakanizuia. Kumbe ule muda ni wao, ndo mara ya kwanza wako peke yao mlango umefungwa, na wengi wametoka kufunga siku nzima hawajala. Niliona aibu sana jamani, mpaka leo nikikaribia ule mlango kamera naizima kabisa.

Hela sasa. Nalipwa kwa shughuli, hakuna mshahara. Ijumaa jioni mpaka Jumamosi giza liingie ni sabato, hakuna harusi. Kati ya Pasaka yao na Shavuot, sikukuu yao ya kupewa Torati, kuna wiki 7, na nyingi kati ya hizo hawafungi ndoa, halafu kiangazi tena wiki 3 mpaka ipite Tisha B'Av, siku yao ya kuomboleza lile Hekalu. Siku hizo nalea watoto wa watu nipate kodi, ndo maana mkiniomba mwezi wa 5 nakaa kimya, sina kweli.

Na ulivyoniuliza kama naumia, naumia wifi. Harusi ya mdogo wangu nimeiona kwenye simu, mshika simu anatikisika, mama alivyolia hakupigwa picha hata kidogo. Mkiozesha tena niambieni mapema, muiweke kwenye zile wiki 3 za kiangazi, nije nikae pembeni na kamera yangu, mama nimchukue mimi.