Kosa la kitenzi cha Kiingereza, litafute kwenye Kiswahili chako

Mwaka 2014 niliandika ripoti ya kisima cha kijiji kimoja mkoani Dodoma. Ndani yake kulikuwa na sentensi hii: "We went to the village, we meet the elders and they show us the old well." Niliisoma mara nne kabla ya kuituma, nisione kitu. Mfadhili akaleta swali: hao wazee mlikutana nao siku ile, au huwa mnakutana nao kila mara? Niliumia, maana nilikuwa nimeshinda nao juani tangu asubuhi.

Nilipoichunguza ndipo nikagundua kwamba kichwani niliiwaza hivi: "Tulienda kijijini, tukakutana na wazee, wakatuonyesha kisima cha zamani." Kiswahili kikishaweka "-li-" pale mwanzo, "-ka-" inaendeleza masimulizi na hakuna haja ya kutaja wakati tena. Kiingereza hakina "-ka-". Kila kitenzi kinabeba wakati wake chenyewe: went, met, showed.

Tangu hapo nimehariri ripoti nyingi, barua za kuomba kazi na insha za wadogo zangu. Nilichojifunza ni kwamba makosa yetu mengi ya vitenzi hayatokani na uzembe. Yanatoka kwenye Kiswahili sahihi kabisa kilichohamishwa jinsi kilivyo. Kwa hiyo ukikitilia shaka kitenzi, rudisha sentensi kwenye Kiswahili, utazame ni kiambishi gani kilikaa pale.

Chukua "He didn't came". Kwa Kiswahili ni "hakuja": "ha-" inakana, "-ku-" inabeba wakati uliopita, basi. Hakuna anayesema "hakulikuja". Kiingereza nacho kinataja wakati uliopita mara moja tu, na "did" imeshafanya kazi hiyo, kwa hiyo kitenzi kinabaki "come". Swali ni hivyo hivyo: "Did you see him?", si "Did you saw him?" Ndiyo maana ninapohariri nayapigia mstari kwanza maneno haya: do, does, did, can, must, will. Kitenzi kinachoyafuata lazima kiwe vile vile kilivyo kwenye kamusi. "She does not know", kamwe si "does not knows". Nikikuta have, has au had, nategemea ile safu ya tatu ya jedwali tulilokariri shuleni: "has gone", si "has went"; "had written", si "had wrote".

Kiambishi kinachonisumbua kuliko vyote ni "-me-". Tunasema "mtoto amelala" naye bado yuko usingizini. Ukiandika "The child has slept", msomaji wa Kiingereza anaelewa kwamba mtoto ameshapata usingizi wake, labda hata ameamka. Andika "The child is asleep". "Amevaa shati jeupe" ni "He is wearing a white shirt", si "He has worn". Halafu kuna barua za kazi. Kwa kuwa wengi wetu husema "nimemaliza mwaka jana", tunaandika "I have finished Form Four in 2019". Ukishataja siku au mwaka uliopita, "have" iondoe: "I finished Form Four in 2019."

"Nitakapofika nitakupigia" ina "-ta-" mbili, nasi tunaandika "When I will arrive, I will call you". Kiingereza kinataka "will" moja: "When I arrive, I will call you." Na "ningejua ningekuja" inavaa "-nge-" pande zote mbili, ikazaa "If I would have known, I would have come". Upande wa "if" ubadilishe: "If I had known, I would have come."

Ile "s" ya "she works" inataka uvumilivu tu. Kiswahili kinaonyesha mtendaji mwanzoni mwa kitenzi, "anafanya", na jicho letu halijazoea kumtafuta mwishoni. Huwa naipitia kazi upya kwa ajili ya hiyo pekee, nikitafuta he, she, it na kila nomino ya umoja. Angalia hasa pale mtendaji anapokuwa mbali na kitenzi chake: "The price of the pumps have gone up". Kilichopanda ni bei, na bei ni moja: "has gone up".

Kama muda upo, ilaze kazi usiku mmoja. Asubuhi anza na sentensi ya mwisho, uisome kwa sauti, kisha iliyo juu yake, mpaka ufike mwanzo. Ukisoma kutoka juu, habari yenyewe inakubeba na unajikuta umeshavuka "meet" na "show" bila kuziona.