Kadiria Kasi Yako ya Safuski kwa Saa Nzima

Msimu wangu wa kwanza kwenye safuski, yaani kayaki ndefu na nyembamba ya baharini ambayo mtu hukaa juu yake na kupiga kasia, karibu na Cape Town, nilimwambia mke wangu: "Ni kilomita 12 tu, nisubiri Fish Hoek baada ya saa moja." Juzi yake saa yangu ya GPS ilikuwa imesoma kilomita 12 kwa saa, nami nikaiamini. Nilitumia dakika 90. Nilimkuta amesimama ufukweni, simu mkononi, anataka kuwapigia waokoaji.

Ile 12 niliipata kwa sekunde chache tu, wimbi likiwa limenibeba. Kasi ya kupangia safari ni wastani wa safari nzima, pamoja na kusimama kunywa maji, kupinduka na kupanda tena. Bahari ikiwa shwari, anayeanza hupata kilomita 7 hadi 9 kwa saa. Aliyezoea, 9 hadi 11. Washindani wazuri wa klabu hufika 12 na zaidi, na mabingwa ndio wanaozidi 14. Usione kilomita moja ni ndogo: kutoka 10 kwenda 11 kunadai nguvu zaidi kwa karibu theluthi, kwa sababu maji hukuzuia zaidi kadiri unavyoongeza mwendo.

Chombo nacho kina mchango wake, ila si kama wauzaji wanavyosema. Safuski ya mashindano ina urefu wa mita 6.4 hivi na upana wa sentimita 43 au 44. Ya kujifunzia huwa fupi zaidi, na upana wake unafika 55. Nilinunua ya 45 mapema mno. Kila wimbi likija ubavuni, kasia langu lilikuwa linalala juu ya maji kunishikilia badala ya kuvuta. Nilipohamia ya 50, wastani wangu ulipanda siku hiyohiyo.

Ndiyo maana upepo wa nyuma haumsaidii kila mtu. Kutoka Miller's Point hadi Fish Hoek watu huenda na upepo wa kusini-mashariki, ambao sisi wa pwani tungeuita kusi. Anayejua kusoma mawimbi huongeza kilomita 2 au 3 kwa saa. Mgeni anaweza hata kupungukiwa, maana muda wote anapigania asipinduke.

Jipime kwa kwenda na kurudi, na ujumlishe muda, usijumlishe kasi. Kilomita 5 kwa kasi ya 8 ni dakika 37 na nusu. Kurudi kwa 12 ni dakika 25. Jumla ni kilomita 10 kwa dakika 62 na nusu, yaani 9.6 kwa saa, si 10.

Siku hizi nikiwa na wastani wa 10, bahari ikichafuka naandika 8. Namwachia mke wangu karatasi yenye saa ya kufika na, chini yake, saa ya kuwapigia NSRI, waokoaji wa baharini wa Afrika Kusini.