Nice ilipokuwa tusi

Shikamoo mwalimu. Nimesikia neno la Kiingereza nice zamani lilikuwa tusi. Ni kweli, au wanatuchezea? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Ni kweli. Chimbuko lake ni Kilatini, nescius, yaani asiyejua: ne ya kukanusha, scire ya kujua. Kwa Wafaransa wa kale likawa nice, mpumbavu. Waingereza, ambao Wanormani kutoka Ufaransa waliwatawala kuanzia 1066 na kuwaachia maneno kwa maelfu, walilipokea na upumbavu wake mnamo mwaka 1300 hivi. Baadaye likatangatanga: mara mwenye haya, mara mtu wa kuchaguachagua, mara makini kupindukia, hadi karne ya 18 likatua kwenye uzuri. Ule umakini haujafa. Mwingereza akisema nice distinction hasifii chochote; anasema tofauti ni nyembamba kama uzi. Wanafunzi huteleza hapo kila mwaka. Halafu science nayo imetoka kwenye scire ileile. Ndugu wa damu, mmoja anajua, mwenzake hajui!

Je, halikutokana na mji wa Nice kule Ufaransa?

Hapana. Nimeshalijibu hili hadi nimechoka. Mji ule ni Nikaia ya Wagiriki, kutoka nike, ushindi, na hutamkwa "Nis". Herufi kufanana si undugu, na anayekutumia asili za maneno kwenye simu bila kufungua kamusi usimsambazie wenzako.

Kwa hiyo mtu akiniita nice, maana halisi ni kwamba ananitukana?

Hiyo "maana halisi" ndiyo inayonikera. Neno ni la wanaolisema leo, si la marehemu. Tazama leso. Tumeipata kwa Wareno, na lenço yao ni kitambaa cha mkononi. Dar es Salaam imebaki hivyo, ya kufutia jasho. Mombasa leso ni kanga, jozi nzima na maandishi yake. Haya, nenda Mombasa ukamwambie mama wa watu aliyejifunga leso kwamba amekosea Kireno. Mimi sitakuwepo.

Naruhusiwa kulitumia kwenye insha?

Mara moja, ukibanwa. Jane Austen, mwandishi wa riwaya wa Uingereza aliyefariki 1817, alishamtumia mhusika wake kulikejeli: siku ni nice, matembezi ni nice, wasichana nao nice. Nanyi mnaojaza "nzuri sana" mara saba katika ukurasa mmoja wa Kiswahili, msicheke.