HEY WHAT ya Low: spika zako ni nzima

Mkuu mleta mada, umeuliza kwa nini Low, bendi ya Marekani iliyosifika kwa upole, ifunge safari na HEY WHAT, albamu yenye mngurumo wa namna ile. Nakuelewa kabisa. Low niliwajua kwa albamu yao ya kwanza, I Could Live in Hope ya 1994, hivyo siku nilipofungulia "White Horses", wimbo wa kwanza wa HEY WHAT, nilizima nikidhani spika imeungua. Nikavaa hedifoni. Mkwaruzo ukawa ule ule.

Nilianza kuielewa nilipoacha kufuata gitaa nikafuata waimbaji. Sikiliza "Days Like These": Alan Sparhawk na mkewe Mimi Parker wanaanza wawili tu, karibu bila ala. Wakirudia, kila kitu kinapasuka, hata sauti zao zenyewe, lakini wimbo unakwenda kwa utulivu ule ule. Hapo ndipo nilipowatambua tena. Zamani Mimi alipiga ngoma akiwa amesimama, kwa brashi, vyombo vichache mno, na kati ya pigo na pigo kulikuwa na kimya kirefu. Kwangu mimi, HEY WHAT imechukua kimya kile ikakijaza ngurumo. Mwendo haujabadilika, na wale wawili wanaoimba pamoja bado ndio nguzo.

Tena mabadiliko hayakuja kwa siku moja. Prodyuza BJ Burton alikuwa nao tangu Ones and Sixes ya 2015, kisha Double Negative ya 2018, ambayo kwa maoni yangu ni ngumu zaidi kwa sababu pale sauti zinazama. Kwenye hii ya Septemba 2021 zimerudishwa mbele. Mpiga besi naye alikuwa ameshaondoka, wamebaki mke na mume. Ukizisikiliza tatu hizo kwa mpangilio, masikio yatazoea yenyewe.

Jambo moja linaniuma. Mimi Parker alifariki Novemba 2022 kwa saratani ya ovari, na tangu hapo watu wanachambua kila mstari wakitafuta kwaheri. Naomba usianzie huko, utamsikia mgonjwa badala ya mwimbaji.

Anza na "More". Ni kama dakika mbili tu, gitaa zito kuliko lolote walilowahi kupiga, na Mimi yuko juu yake, hapigi kelele, hatikisiki. Fungulia sauti kubwa.