Kipimo cha beta-laktoglobulini: kwa nini mstari unafifia kwenye maziwa mabichi

Ndugu yangu wa Tukuyu, unasema kipimo chako cha karatasi cha beta-laktoglobulini, protini ya maziwa inayoweza kuleta mzio, kinatoa mstari hafifu kwenye maziwa mabichi, ila ukiyazimua unakolea. Kingamwili zako, yaani zile zinazoinasa protini hiyo kwenye karatasi, ni nzima; tatizo ni protini kuwa nyingi mno. Maziwa ya ng'ombe yana takriban gramu 3 za protini hii kwa lita. Kwa wingi huo, kingamwili zilizobeba chembe za dhahabu zinazotoa rangi na zile za mstarini zinajazwa kila moja kivyake, basi dhahabu haikamatwi.

Engua mafuta kwanza kwa sentrifuji, maana yanaziba karatasi. Kisha mikrolita 10 za maziwa kwenye mililita 10 za bafa ya fosfeti (kimiminika kinachotunza kiwango cha asidi), pH 7.4. Zimua tena mara 10, upime zote mbili: ile nyepesi ikikolea zaidi, bado umezidisha. Baridi ya huko asubuhi hupunguza kasi ya sampuli kupita kwenye karatasi, kwa hiyo acha sampuli na karatasi zipate joto la chumba. Kwa sampuli tupu, yaani ya kulinganishia isiyo na protini hii, tumia maziwa ya soya. Ya mbuzi hayafai, maana yana protini inayofanana mno.

Tafadhali, kuwa makini na maziwa ya kuchemsha. Kuanzia nyuzi 70 hivi protini hukunjuka na kushikana na kasini, protini nyingine ya maziwa, kingamwili ikaikosa. Utasoma "hakuna", na mtoto mwenye mzio akadhurika.